Bafu Moja Mara Kumi na Mbili

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Leo nimeacha ufundi bomba. Kuanzia sasa mimi ni mkadiriaji. Tofauti yake ni hii: fundi analala chali chini ya sinki, mkadiriaji anasimama mlangoni na kusema kazi itachukua masaa mangapi. Mgongo wangu umeafiki mara moja.

Sababu ya haraka hii ni gesti mpya kule mlimani. Mwenyewe, mama mmoja mwenye miwani na maneno machache, anataka kuwekewa mabomba kwenye mabafu kumi na mawili. Kila fundi apeleke makadirio yake Jumamosi. Tupo wawili tu tunaoitaka kazi: mimi na Kijiti.

Kijiti nimemfundisha mimi. Alikuja kwangu hajui koki inafungwa upande gani. Leo ana gari lenye ngazi juu na picha ya tone la maji ubavuni. Jana alinisimamisha dukani, mbele ya watu, akaniambia kwa upole kabisa kwamba nikiikosa kazi hii nisione haya, kibarua kwake kipo. Tena akaniita mwalimu. Mimi nikawe kibarua wa Kijiti? Bora nile spana.

Nimemwambia mke wangu kazi ni yangu. Akauliza kivipi. Nikasema kwa sayansi. Akarudi kwenye cherehani yake.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Sayansi yenyewe. Kijiti anakadiria kwa kutazama dari na kukuna kidevu. Mimi nitapima. Nafungua bafu langu lote, yaani sinki, choo na bomba la mvua. Halafu nafunga upya huku muda ukihesabiwa, kisha nazidisha mara kumi na mbili. Nani atabisha?

Kikwazo kimoja kidogo. Mama mkwe ameingia leo asubuhi. Atakaa mwezi. Ametoka safari ndefu, hata mkoba hajatua, akauliza bafu liko wapi. Wakati huo sinki lilikuwa uani, na choo kilikuwa sebuleni juu ya gazeti. Mke wangu alinitupia jicho. Jicho lile nalijua, lina meno. Mama mkwe akasema haidhuru mwanangu, ataoga kwa jirani. Akavuka barabara na taulo begani, mtaa mzima ukitazama.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Ili kumtuliza mama mkwe nimempa cheo. Ashike saa wakati nafunga bafu. Kosa kubwa! Nilisahau kwamba kabla ya kustaafu alisimamia mitihani ya shule.

Kaweka kiti mlangoni, kakunja mikono, hanyanyuki. Nilipokwenda kwa seremala kuazima spana, saa iliendelea. Nilipokunywa chai, iliendelea. Skrubu ilipotumbukia kwenye tundu la maji machafu nami nikaifuata hadi kiwiko, iliendelea. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba kutafuta skrubu hakuhesabiwi kuwa kazi. Akaniuliza, kwani kule gesti skrubu hazianguki?

Jumla: masaa kumi na moja. Zidisha mara kumi na mbili, unapata mia moja thelathini na mbili. Nikipeleka hiyo, Kijiti atanicheka hadi akae chini. Halafu choo kinatikisika. Mama mkwe amekikalia mara moja, akasema ni kama kupanda punda.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Hitilafu nimeigundua. Ni mama mkwe. Nimeichukua saa mikononi mwake kwa heshima zote, na bafu nimelifungua tena lote. Sasa muda nashika mwenyewe. Kanuni ni moja tu: spana ikizunguka, saa inatembea. Spana ikitulia, nasimamisha saa.

Masaa matano! Yaani katika siku nzima ya jana, masaa sita yalikuwa ya mama mkwe.

Mke wangu ameoga kwa jirani. Mama mkwe naye. Jirani ameanza kuwawekea sabuni.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Mara ya tatu: masaa matatu. Matundu ukutani yapo, mabomba yamekwisha kukatwa kwa kipimo, na mkono umezoea. Mara ya nne, baada ya chakula cha mchana: masaa mawili na robo. Ningejaribu mara ya tano, ila mke wangu alisimama mlangoni na mkasi wa kukatia vitambaa, akauliza kama ipo siku watu wa nyumba hii wataoga kwao. Nikaona niishie hapo.

Ile robo nimeifuta. Inaharibu sura ya hesabu. Masaa mawili mara kumi na mbili ni ishirini na manne. Siku tatu za kazi!

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nilivaa tai. Mama mwenye gesti alisoma makadirio yangu, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kijiti alikuwa ameandika masaa mia moja na arobaini. Masikini. Aliposikia yangu alitoa macho, akanivuta pembeni, akaniuliza taratibu kama nimehesabu na kuchimba kuta. Nikamwambia mkadiriaji hajibu maswali ya mafundi.

Kazi nimepewa mimi! Masharti mepesi. Wageni wa harusi wanakuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku tatu zikiisha kazi haijakwisha, anapewa Kijiti, nami silipwi. Nikasaini hata kabla hajamaliza kusema. Nyumbani nimerudi nikitembea katikati ya barabara.

Mama mkwe kanipongeza. Kisha akauliza swali lile lile la kuta. Hawa wamepanga?

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Kuta za gesti ni za zege tupu. Hazina hata tundu la msumari. Bafu langu mimi lilitobolewa kabla sijaoa, sikukumbuka kwamba kuna mtu aliyatolea jasho matundu yale.

Siku nzima nimegonga patasi. Nimepata tundu moja. Kidole kinaingia, bomba halitaki. Lakini kanuni ni kanuni. Spana haijazunguka hata mara moja leo, kwa hiyo saa haijatembea, kwa hiyo sijatumia hata dakika moja ya yale masaa ishirini na manne. Jioni nilimpelekea mama mwenye gesti habari hiyo njema. Hakuipokea vizuri.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Mama mkwe amenifuata kazini. Amekuja na kiti chake. Kila saa ikipita anaitangaza kwa sauti, hadi wapaka rangi wa ghorofa ya juu wakaanza kupanga mapumziko yao kwa sauti yake.

Bafu la kwanza limekamilika alasiri. Nikaita watu, nikafungua maji. Yalitoka ukutani, yakatoka chini ya choo, yakatoka nyuma ya sinki. Kwenye koki tu ndiko hayakutoka. Mama mkwe alinyanyua miguu bila kunyanyuka kitini.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Siku ya tatu. Mabafu yaliyobaki: kumi na mawili, maana na lile la kwanza inabidi lirudiwe.

Kijiti amefika saa kumi na gari lake, vijana wanne na mashine ya kutoboa zege. Nilijiandaa kwa kicheko chake. Hakucheka. Hapo ndipo iliponiuma, nasema kweli, nikageuka nikajifanya natafuta patasi niliyokuwa nimeishika. Akanisubiri. Kisha akanipa ovaroli yenye tone la maji mgongoni, akasema tuanze kesho asubuhi, mwalimu, na kwamba bila mimi asingejua hata jina la spana. Ningeikataa ile ovaroli. Ila mke wangu amekwisha kuahidi kumlipa jirani sabuni yake.

Kibarua kwa masaa, basi. Nikajifariji kwamba muda naujua, hapo hakuna atakayenipunja. Nikamuuliza Kijiti nani anayeshika saa hapa kazini. Akaonyesha kwa kidole. Mama mkwe alikuwa anasogeza kiti chake kivulini. Kaajiriwa kabla yangu, na kwa saa analipwa kunizidi.

Jumapili, tarehe 17 Machi

Mapumziko. Bafu letu, kwa kufunguliwa mara nne, lilikuwa linavuja, basi jana Kijiti alileta vijana wake wakalifunga. Choo hakitikisiki tena. Mke wangu ameoga mara tatu tangu jana, na leo ameimba bafuni.

Nimekaa nikatafakari nilipokosea, na nimepapata. Nilipima vizuri sana, ila nilipima kwenye matundu ya zamani. Dawa yake ni kupima kuchimba pia. Tena mwoka mikate wa pale njia panda anajenga jiko jipya, anataka makadirio ya mabomba kufikia Ijumaa. Kijiti hajapata habari. Nikiipata kazi hiyo, ovaroli hii nairudisha ikiwa imepigwa pasi.

Jiko letu lina ukuta mzuri wa zege, ambao haujawahi kuguswa. Upande wa pili ni chumba cha mama mkwe, lakini nahitaji tundu moja tu, dogo, la mfano. Mke wangu amekwenda kununua uzi. Mama mkwe amelala. Nimeiweka saa juu ya meza, nimeshika patasi, nimegonga mara moja, taratibu.

Upande wa pili wa ukuta mama mkwe amejibu kwamba ni saa nane na dakika kumi, na muda umeanza.