Mwanamke Asiyetwanga Katika Karatasi Arobaini

Stoo ya Shule ya Porini,
Kaskazini ya Awasse,
14 Septemba 1970

Kwa Ndugu Mkuu wa Elimu wa Eneo,

Ndugu,

Nakuandikia nikiwa mzima, na stoo nayo ni nzima, isipokuwa daftari moja la karatasi arobaini lililoangamizwa na wanafunzi wa darasa la nne. Aliyewasimamia ni Mwalimu Jafar, yule mtu wa Quionga ambaye hawezi kuona karatasi nyeupe akaiacha ipumzike.

Walichofanya ni hiki. Kila mwanafunzi alipewa karatasi moja, akachora picha ileile ya aliyemtangulia, ila akaisogeza kidogo. Kisha wakazishona kwa uzi. Ukizishika na kuziachia mbiombio kwa kidole gumba, picha inakwenda yenyewe: wanawake wawili wako kwenye kinu kimoja, wanatwanga kwa kupokezana kama ilivyo desturi. Mchi wa mmoja unapanda na kushuka. Mchi wa mwenzake hausogei. Ameushika, anatazama ndani ya kinu, kuanzia karatasi ya kwanza hadi ya arobaini. Mwalimu Jafar anadai huo ni ugonjwa, kwamba mtu huyo amesonona, na kwamba picha isiyokwenda isingeweza kuonyesha mtu asiyekwenda. Wasomi wana kazi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ubadhirifu. Kama mwanamke hasogei, karatasi moja inatosha. Kwa nini achorwe mara arobaini akiacha kufanya kitu kilekile? Mimi nikiomba karatasi ya ripoti, ofisi yako huniambia niandike nyuma ya ripoti ya mwaka jana.

2. Ugonjwa huo haumo. Orodha ya zahanati ninayo mkononi: homa, kuhara, upele, vidonda, risasi. Kusonona hakumo. Tena ingekuwa ni ugonjwa kweli, tungekuwa tumeshaishiwa dawa yake.

3. Hakuna wa kuadhibiwa. Nilimwita Custódio, akajibu kwa adabu kwamba yeye alichora karatasi ya kumi na saba tu, na humo mama wa watu amesimama, hakumkosea mtu. Zainabo wa karatasi ya ishirini na mbili akaapa vivyo hivyo. Kila mmoja peke yake hana hatia. Wakishonwa pamoja ni genge.

4. Juu ya jalada wameandika: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndugu, usufi wenyewe hatujaletewa tangu mwaka juzi. Wagonjwa wanalalia majani.

5. Uvivu unaenea. Kina mama wanapanga foleni kulitazama daftari hilo. Anayemaliza kutazama anakwenda kuketi mlangoni kwangu, pembeni ya mke wangu, bila shughuli yoyote. Jumanne walikuwa tisa, na mahindi hayajatwangwa.

6. Kinu. Kina ufa uliokazwa kwa waya, na waya huo niliufunga mimi. Kwa hiyo kila mtu anajua kwamba anayetwanga ni jirani yetu Luzia, na asiyetwanga ni mke wangu Benvinda. Ni kweli kwamba tangu Juni, ndege ya Wareno ilipochoma shamba la mihogo na mtoto wetu Vitória yumo, Benvinda hajatwanga wala hajasema neno. Lakini mimi ni baba wa mtoto huyohuyo, na siku ya pili yake nilikuwa stoo nahesabu majembe. Nimemweleza hivyo mara nyingi, wala mfano huo mzuri haukumsaidia.

7. Nyuma ya kinu anapita mwanamume mwenye makaratasi kwapani. Anapita mara sita, na hata mara moja hageuzi kichwa. Watu wakifika hapo hunitazama. Hili limeniuma, nasema wazi. Mtu huyo simjui, ingawa kofia ni yangu.

Kwa sababu hizo naomba Mwalimu Jafar afundishe hesabu tu, wanafunzi wachore majembe, na daftari lichomwe moto mbele ya gwaride. Nimeliambatanisha kama ushahidi.

Nisalimie wote hapo ofisini, na mzee Abacar wa jikoni, mguu wake upone upesi, na yule mpiga chapa anayekosea jina langu kila mwezi. Mimi ni mtunza stoo wenu, ambaye hajawahi kupoteza hata msumari,

Germano

Tanbihi: Daftari sikuliambatanisha. Nilipotaka kulifunga nilikuta Benvinda analo, analiachia kwa kidole, anarudia tena na tena. Kisha akasema kwamba watoto wamekosea, maana Luzia angetwanga kwa upande ule angemvunja yeye vidole. Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu Juni. Akachukua mchi akaenda kuwaonyesha. Hakutwanga sana, labda mara sita, halafu akaketi.

Darasa linataka kuanza upya. Naomba daftari jingine la karatasi arobaini, yakiwa mawili ni bora, na penseli. Mwalimu Jafar asihamishwe somo kwanza. Wanafunzi wanasema yule mwanamume wa nyuma naye anaweza kuchorwa amesimama kando ya kinu, ila lazima kwanza wamwone akisimama. Nimewaambia kesho asubuhi nina nafasi.