Kaka Bado Anazamia

Jumatatu, 4 Machi

Vita vimeanza. Mkuu wa kituo chetu cha kupiga mbizi ametuita ofisini, mimi na Mtungi. (Jina amelipata kwa tumbo lake, si kwa mitungi ya hewa anayobeba.) Nafasi ya kiongozi wa wazamiaji, aliyoiacha kaka yangu alipofariki Novemba, itajazwa Ijumaa. Sharti: mbizi mia moja zilizoandikwa. Mtungi anazo. Mimi ninazo sitini na kitu, zote na kaka. Tangu tumzike sijalowesha hata kidole cha mguu.

Filimbi ya kaka, ile ya uongozi, bado inaning'inia ukutani. Mtungi ameitupia jicho. Nimemwona. Filimbi ile haitoki nje ya ukoo wetu.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa shemeji, mke wa marehemu. Kumbukumbu zetu za mbizi zimo kwenye kompyuta ya sebuleni kwake. Kaka ndiye aliyetengeneza lile lahajedwali: tarehe, mahali, kina, mwenzi. Safu ya mwenzi haiachwi wazi, kwa kuwa hakuna anayezama peke yake. Shemeji aliuliza natafuta nini. Nikasema napiga hesabu ndogo tu. Akaniletea chai, akakaa kwenye kigoda. Kiti cha kaka hakikaliwi.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimeshika mistari miwili ya mwisho kwa kipanya, nikaiburuta chini. Kompyuta ikajaza yenyewe, bila swali. Kufumba na kufumbua, mbizi mia na ushee! Nimenakili kwenye flashi. Chai ya pili nimeinywa kwa heshima yangu mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Aibu. Ningejua ningebaki kitandani.

Mkuu alisoma jedwali langu, kidole kikishuka na mistari. Kumbe kompyuta ilikuwa ikiongeza mita moja kila mbizi. Ya mwisho tumefika mita hamsini na sita, na ghuba yetu haizidi ishirini na tano. Mtungi aliuliza kama tulikwenda na majembe. Nilicheka nao, maana ningefanya nini.

Kisha kidole cha Mkuu kikahamia safu ya mwenzi. Kaka. Kaka. Kaka, mpaka Februari. Siku ya mazishi yenyewe, kwa mujibu wa jedwali, tulikuwa majini asubuhi. Mkuu alisema taratibu kwamba siku hiyo mimi nilibeba jeneza upande wa kichwa, na yeye alikuwa nyuma yangu. Mtungi akavua kofia. Heri angecheka.

Nimesema ni kosa la kompyuta. Kina kweli sikukiona. Jina nililiona.

Ijumaa, 8 Machi

Mtungi kapewa. Kamba ya filimbi imemkaa shingoni kama ya mbuzi. Akanifuata mlangoni, akaniomba kesho nizame naye, nianze upya, yeye atanishikia kumbukumbu. Nimemwambia nina mafua. Nikapiga chafya moja ya ushahidi.

Jioni shemeji kanipigia simu, niende. Nimekuta kompyuta iko wazi. Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake aliuliza, ile mbizi ya Februari, maji yalikuwa safi? Nikasema yalikuwa na tope kidogo, baadaye yakatulia. Akauliza kama kaka alilalamika sikio. Nikasema alilalamika, lile lile la kushoto. Shemeji akacheka, na kicheko kikamgeukia kilio. Nami nikalia, kwenye kigoda, kikombe mkononi.

Aliponyamaza, akasema, "Shemeji, usimzamishe tena. Amechoka. Mwache apumzike, na wewe utafute mwenzi aliye hai."

Nimeapa. Mistari yote ya uongo nimeifuta mbele yake. Tukazima kompyuta pamoja.

Jumapili, 10 Machi

Mtu mpya. Nimeamka mapema, nimefua, nimefagia hata chini ya kitanda. Kiapo ni kiapo. Imebaki ile nakala ya kwenye flashi tu, nikaifungua nyumbani ili niifute nayo.

Nimeipitia mara moja ya mwisho. Zile mita zimenisumbua. Hamsini na sita, na sikio lile! Haifai. Nimezirekebisha zote, mita kumi na nane, mahali alipokuwa akipapenda. Sasa jedwali limekaa vizuri, ni dhambi kulifuta likiwa hivi.

Mtungi kapiga simu tena. Anauliza mafua yamepoa? Kesho bahari ni tulivu, ana nafasi ya mtu mmoja. Nimemshukuru. Nimemwambia mwenzi ninaye.

Kisha nimeshika mistari miwili ya mwisho, nikaiburuta mpaka Desemba ijayo.