Samaki Nisiyemtaka

Jumamosi, 8 Februari 2025

Leo nimeanza kazi ya bahari. Si kwa kuomba. Msaidizi wa shemeji yangu Khelef kenda Pemba kuoa, na Khelef ana boti ya faiba pale Kendwa inayopeleka wageni kuvua. Mke wangu Nadra akamwambia kaka yake kwamba tangu duka langu la simu lifungwe mimi nipo nyumbani tu. Hayo maneno "nipo nyumbani tu" sikuyapenda. Ila nilikwenda.

Mgeni wetu ni Bwana Haitham. Wazee wake watu wa Mji Mkongwe, yeye kazaliwa Muskat, na Kiswahili chake kama cha bibi yangu. Ana fimbo za kuvulia nzuri kuliko samani zangu zote. Asubuhi akapata kolekole, samaki wa kulisha harusi ndogo. Akamtazama, akamtoa ndoana taratibu, akamrudisha baharini. Nilidhani kamponyoka. Nikamwendea Khelef nyuma kwenye mashine, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama mgeni wetu ni mzima. Akanijibu kuwa ndivyo anavyovua huyu, anavua na kuachia, na kwamba nitie mikono maji kabla ya kumshika samaki wake yeyote, nisimchubue.

Kisha kwenye ndoana akapanda samaki bunju. Nikafanya kama tunavyofanya siku zote: nikambamiza kwenye ubao wa boti, nikamtupa. Bwana Haitham akaniuliza kwa upole:

"Kakukosea nini?"

Nikamwambia bunju ana sumu, huua mtu.

"Kwani ulikuwa na nia ya kumla?"

Sikuwa nayo. Nimefika nyumbani Michenzani na swali lile bado ninalo. Si swali la kumuuliza mtu aliye kazini.

Jumapili, 9 Februari

Mkwe wangu Bi Tabia, mama yao Nadra na Khelef, kaja kula mchana. Nikamsimulia habari za mgeni wa Muskat. Akaacha kula. Akasema samaki kahalalishwa aliwe. Kumtoboa mdomo, kumpiga picha, kisha kumwambia nenda zako, huo ni mchezo, na kiumbe wa Mungu hachezewi. Nadra akasema lakini aliyeachiwa yu hai, na aliye chunguni hayu hai. Bi Tabia akasema basi muulizeni samaki kama ile ndoana aliiona mchezo. Nadra akasema na huyo wa chunguni naye hakuulizwa. Walibishana mpaka wali ukapoa. Mimi nilikubaliana na wote wawili, jambo lililowaudhi wote wawili.

Ila katika maneno yale nimepata jambo. Bwana Haitham ana sharti lake: samaki aliyeumia, asiyeweza kuishi, haachiwi. Huyo huuliwa upesi, na huliwa, maana kumtupa ni israfu. Sasa, nani anaamua kwamba huyu ataishi na huyu hataishi? Nimefikiri sana. Hakuna aliyeteuliwa. Nafasi iko wazi.

Jumatatu, 10 Februari

Nimekuwa tabibu wa samaki. Sikujitangaza. Nilimshika changu wa kwanza kwa mikono iliyotiwa maji, nikamfunua matamvua, nikatikisa kichwa kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji. Nikasema yamepauka, huyu hafiki magharibi. Bwana Haitham akasikitika kweli. Akamuua upesi kwa mkono wake mwenyewe, akanipa nimtie kwenye deli la barafu.

Changu wa pili naye mahututi. Chewa mdogo, moyo. Kikande, ambaye ngozi yake ni kama msasa na nyama yake ndogo, alikuwa na afya ya ajabu. Bunju nilimtabiria umri mrefu, nikamrudisha kwa mikono miwili. Bwana Haitham akanigusa bega, akasema nimebadilika. Nami nilihisi kweli nimebadilika.

Jioni Nadra kakaanga changu. Bi Tabia kala, kamwombea dua aliyevua. Khelef peke yake, tulipokuwa tunashusha deli, aliniuliza mbona maradhi yanawapata wenye nyama nzuri tu. Nikamwambia hata kwa binadamu ni hivyo hivyo.

Jumatano, 12 Februari

Mambo yameharibika. Jana walikufa wengi. Nilikolea. Leo Bwana Haitham kakaa mbele ya boti bila ya kugusa fimbo mpaka jua likapanda. Akasema miaka yote anavua na kuachia akiamini hadhuru, na kumbe kila samaki mzuri anayemgusa anakufa. Huenda Bi Tabia ana haki. (Maneno ya Bi Tabia nilimpelekea mimi. Kosa langu.) Anafikiria kuacha kabisa kuvua, arudi Muskat kabla ya siku za safari yake kwisha.

Khelef akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu aliyeshika usukani.

Ikabidi niwaponye. Tangu saa ile hakuna aliyeumwa baharini. Nguru mzima, changu wazima, wote niliwapa ruhusa. Deli limerudi na barafu na soda. Kila nguru aliyeondoka alinikata maini. Lakini Bwana Haitham kacheka, na ameahirisha safari.

Tatizo ni kwamba nilishamuahidi Bi Tabia samaki wa hitima ya marehemu mumewe, Ijumaa, na yeye kashawaalika watu wa ngazi yetu nzima hapa ghorofani. Kwa hivyo kesho lazima apatikane mgonjwa. Mmoja tu, lakini mkubwa.

Alhamisi, 13 Februari

Tulikwenda mbali, nje ya Tumbatu, pale maji yanapogeuka ghafla kuwa ya kiza. Bwana Haitham alikuwa anatafuta changu. Mshipi ukazama, ukakaza. Akasema kanasa mwamba. Khelef akapunguza mashine ili tuunasue mshipi. Kisha mwamba ukaondoka.

Sijui walivutana muda gani. Kivuli cha boti kiliondoka upande mmoja kikaja mwengine. Ninachokumbuka ni rangi. Chini kabisa maji yalikuwa ya buluu, halafu pakawa na kahawia, na ile kahawia ikawa inapanda na kutanuka, mpaka nikaona kama sakafu ya bahari ndiyo inayotujia. Nikarudi nyuma, ingawa ndani ya boti hakuna pa kurudi.

Alikuwa chewa. Kumwita chewa ni sawa na kuliita jumba la Beit el Ajaib nyumba. Kichwa changu na mabega yangu yangeingia mdomoni mwake na nafasi ikabaki. Mgongo wake madoa matupu, kijani, kijivu, kama ukuta wa mawe uliopigwa na mvua za enzi za watu waliokwishakufa. Pembeni mwa taya palikuwa na ndoana nyengine, ya zamani, ya chuma kinene, nyama imeota juu yake. Kuna mtu aliwahi kumpata kabla yetu. Huenda babu yake mtu.

Na alikuwa anakufa. Samaki wa kina akipandishwa hewa humjaa tumboni, akaelea ubavu, hawezi kurudi chini. Tumbo lilikuwa limevimba, jicho limetoka nje. Bwana Haitham kaiacha fimbo. Uso wake umekuwa mweupe.

"Sikumtaka huyu," akasema. "Wallahi sikumtaka. Bwana Mansour, ataishi?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu jana. Na safari hii sikuwa na haja ya kusema uwongo. Ningesema hafiki, na ingekuwa kweli. Ngazi yetu ingekula, na ngazi ya pili, na jengo la mbele. Nikaingia majini na miwani ya kuzamia, ili nimshike kichwa wakati wanaleta kamba.

Nikamtia mkono kwenye taya. Jicho lake, kubwa kama kisahani cha kahawa, lina pete ya dhahabu. Likageuka polepole. Likaniangalia. Sijui samaki anaona nini kwa mtu. Mimi niliona kwamba mkubwa kati yetu ni yeye, na si kwa mwili tu. Mapezi yake yalikuwa yanapunga bila haraka, kama ya mwenye nyumba anayengoja wageni waseme shida yao waondoke. Kisha akanguruma. Sikumsikia kwa masikio. Nilimsikia kifuani, mara moja, sauti nzito, na maji yote yaliyonizunguka yakatikisika nayo.

Nikatoa kichwa juu ili nimwambie Bwana Haitham kuwa hafiki. Kikatoka kitu chengine.

"Ataishi."

"Shemeji, una hakika?" Khelef akaniuliza.

"Sina. Lakini ataishi. Fanyeni upesi."

Bwana Haitham alikuwa na kibanio kwenye mkoba wake, kimefungwa risasi nzito, cha kumshusha samaki wa kina mpaka kwao, kisha kinafunguka chenyewe kamba ikivutwa kwa ghafla. Risasi moja haikumtosha huyu. Khelef akafunga na nanga yetu. Tukamtoa ndoana yetu, tukambana mdomo, wakaachia kamba, na mimi nikashuka naye, mkono begani kwake, kama ningekuwa na faida yoyote.

Masikio yaliniuma. Mwanga ukabaki juu. Nikaona tumbo linapungua, linapungua, naye anajiweka sawa, mgongo juu, kama mtu anayeamka kwenye kiti. Juu wakavuta kamba, kibanio kikamwachia, naye akapiga mkia. Mara moja tu. Maji yakanipindua kama nguo inayosuuzwa, na nilipojua juu ni wapi, yeye hayupo. Pale alipokuwa palikuwa na buluu tu.

Nilipopanda botini, Khelef alizima mashine. Bwana Haitham alikuwa anafuta uso, na yeye hakuwa ameingia majini. Mimi nilisema subhanallah. Nilitaka kusema na jengine, nikarudia hilo hilo.

Kabla ya kurudi tukakubaliana sote watatu kutomwambia mtu pahala pale.

Ijumaa, 14 Februari

Hitima imesomwa. Wali kwa kuku, nimewanunua mimi, wembamba. Watu wa ngazi yetu waliambiwa samaki na walitazama sahani zao kwa adabu.

Khelef akamsimulia mama yake yote, pamoja na ule utabibu wangu. Nikangoja. Bi Tabia akaweka sahani chini.

"Alikutazama?" akaniuliza.

"Naam, mama. Alintazama."

"Na wewe ukamtazama?"

"Nikamtazama."

Akasema kwa huyo hanilaumu, hata yeye asingeweza kumtia kisu. Lakini wale changu aliokula akawaombea dua, waliouliwa kwa maradhi ya mdomo wangu, hao nitakuja kuulizwa, na yeye atakuwa shahidi. Nadra akasema na yeye pia. Sikujitetea. Mbele ya wote nikasema sitomsumbua tena samaki, awe wa kuliwa au wa kuachiwa, maadamu ni mzima. Nilisema kwa dhati. Sauti ilinitoka nzito, na Nadra akanijazia chai.

Jumanne, 18 Februari

Bwana Haitham kaondoka jana. Alinikumbatia. Msaidizi wa Khelef karudi na mke, kwa hivyo nipo nyumbani tu.

Siwezi kufikiria jambo jengine. Nikitazama maji ya ndoo namuona. Jana nilikwenda barazani kwa Pandu, jirani wa chini, nikamsimulia, kwa sababu kitu kikubwa kama kile hakikai ndani ya mtu mmoja. Pandu akacheka. Khatib fundi baiskeli naye akacheka. Wakasema chewa wa namna hiyo hayupo, na kama yupo basi nitaje wapi. Sikutaja. Nilisema tu nje ya Tumbatu, upande wa maji ya kiza, karibu na pale jiwe la kaskazini linapoanza kuonekana.

Usiku mzima nimepima. Kumbe ninachomkosea yule samaki ni kumwacha adharauliwe na watu wasiomjua. Wakimuona watanyamaza, kama nilivyonyamaza mimi. Watakuwa watu wengine.

Nimenunua ndoana Darajani, kubwa kuliko kiganja changu. Pandu kapata boti ya rafiki yake. Khatib anakuja, na kaka yake, kwa sababu ana simu inayopiga picha nzuri. Nimewaambia wote lazima watie mikono maji.

Nitampandisha mara moja tu, kisha nitamwachia. Mwenyewe ataelewa. Tunajuana.