Mahameli kwa Joto la Yazd

Farzin alipomwona yule mama akishuka kwenye teksi karibu na msikiti mkuu wa Yazd, Iran, begi mgongoni, nywele za dhahabu zikichungulia chini ya mtandio, moyo ulimruka kama mwizi aliyekuta mlango wazi. Mzungu! Peke yake!

Jamani, kijana alikuwa hana haya hata chembe. Alikuwa amenunua mapazia ya sinema iliyofungwa, mahameli mazito meusi, akayakatakata na kuyaita "vazi rasmi la msafiri wa kike." Mahameli! Yazd! Kiangazi, mji ambao hata paka wanatafuta feni! Na ili meza yake ionekane ya heshima, aliiba kabatini terme ya mama yake, kitambaa cha hariri kilichotandikwa kwenye ndoa ya bibi, kikatandikwa kwenye ya mama, na sasa kilikuwa kinangoja ya dada yake Golnush, Alhamisi ya wiki ileile. Mama yake angeona afadhali apotee Farzin kuliko kipotee kitambaa kile.

"Madamu! Simama!" akaita kwa Kiingereza chake cha kubahatisha. "Unataka kukamatwa?"

Yule mama akasimama. Kanzu pana ya pamba, suruali, mtandio. Kwa kweli alikuwa amejisitiri kumshinda Farzin na lile shati lake la kubana.

"Mimi? Kwa nini?"

"Pamba! Jua likipiga, inaonyesha. Marufuku. Unamwona askari yule pale kona? Kazi yake kukamata wanawake wa pamba."

Askari alikuwa analamba aiskrimu.

"Mungu wangu! Sasa nivae nini?"

"Mahameli, madamu. Yanazuia joto lisiingie."

"Na lililo ndani litatokaje?"

"Halitoki. Linaona haya."

Muuza halua wa jirani akageuka upande wa pili, mabega yakimtikisika. Mama akalipa bila kubishana, akatia mahameli begini. Halafu akaishika ile terme.

"Na hiki? Kizuri mno! Bei gani?"

Hapo ndipo malezi yalipomponza tapeli. Maana Yazd hata dereva wa teksi ukimuuliza nauli anaanza kwa kuikataa. Nawe unasema hasha, anakataa tena, unasisitiza, ndiyo mnafika kwenye bei. Mkono wa Farzin ukaruka kifuani wenyewe, kichwa kikainama, mdomo ukajisemea:

"Hakina thamani mbele yako. Chukua, ni chako."

"Kweli? Asante sana!" Akakikunja. Akakitia begini.

"Ma... madamu..."

"Watu wakarimu nyie!" akapaza sauti, akimpungia askari mkono. Askari akaja na aiskrimu yake.

"Kuna shida hapa?"

Ungemwona Farzin! Aseme nini, kwamba adabu zake zilikuwa za uongo? Na mahameli mezani bado yana pete za kuning'inizia pazia?

"Hakuna shida, afande. Mgeni wetu huyu." Na mama akaondoka zake.

Mpaka Alhamisi Farzin alikuwa amezunguka kila hoteli, nyayo zimemwaka moto. Wapi! Mama yake akafungua kabati, akakuta patupu. Golnush akaanza kulia na wanja wake wote, na watu wa bwana harusi wameshajaa sebuleni.

Mlango ukagongwa. Akaingia shangazi wa bwana harusi, Bi Mahvash, aliyefika kutoka Ujerumani kwa ajili ya ndoa. Nywele za dhahabu. Begi lilelile!

"Samahanini wapendwa, nimechelewa," akasema kwa lafudhi safi ya Yazd, ile ya mitaa ya ndani kabisa. "Nimemletea bi harusi kitambaa."

Akakitandaza. Mama yake Farzin akaiona pembeni alama ya kuungua, ya mshumaa wa ndoa yake mwenyewe.

"Dada yangu, hiki umekipata wapi?"

"Nimepewa bure! Nikauliza bei, kijana akasema hakina thamani. Adabu za ajabu. Si ndiye yule anayejificha nyuma ya pazia?"

Sebule nzima ikageuka.

"Na wewe nimekuletea," Bi Mahvash akamwambia Farzin, akitoa mahameli. Mama mtu akayapokea na kumfunika mwanawe kichwa mpaka miguu.

"Haya, mpelekee kila mgeni chai. Ya moto."

"Mama, nitakufa na joto!"

"Haliingii hilo," akasema Bi Mahvash. Kisha akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kwa heshima zote. "Wala usiniulize bei, mpenzi. Hakina thamani mbele yako."