Zamu ya Maji ya Ndiva kwa Ajili ya Supachaja

Anderson Loth,
Suji, Wilaya ya Same.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maji, Ndiva ya Kwamkunde.

YAH: KUFUNGIWA MAJI, NA OMBI LA GARI KUTAMBULIWA KAMA SHAMBA

Ndugu Mwenyekiti, ambaye pia ni Baba Mdogo Zephania, shikamoo.

Natumaini hujambo na goti limepoa. Mimi mwili mzima, ila moyo unachemka, na injini nayo inachemka. Ndiyo maana nakuandikia rasmi badala ya kuja kwako kunywa chai na kunung'unika kama ndugu wengine.

Jumatatu ya wiki iliyopita kamati yako iliinyang'anya kaya yetu zamu yake ya maji ya Alhamisi, eti kwa sababu niliyageuza maji ya maharage ya mama yangu Koleta nikayapeleka kwenye gari. Sikatai. Nilitandaza bomba kutoka mferejini hadi uani, nikafungua boneti, nikamwagia, Alhamisi tatu mfululizo. Lakini hakuna aliyeniuliza kwa nini! Basi nayapanga malalamiko yangu kwa namba, Katibu Priska asipate taabu kuyaingiza kwenye muhtasari.

1. Kamati inahukumu supachaja bila kuijua. Supachaja ni pampu ya hewa. Inazungushwa na mkanda wa injini, inashindilia hewa ndani, na gari la michezo linapata nguvu za ajabu. Ziko aina mbili za kuchagua. Moja haitoi nguvu mpaka injini izunguke sana. Hiyo ni ya wenye lami iliyonyooka kule bondeni. Nyingine inakaa juu ya injini na kusukuma tangu unapogusa mafuta. Barabara yetu ya kupanda unaijua, Baba Mdogo. Kati ya kona na kona, injini itazunguka sana saa ngapi? Nikachagua hiyo ya pili. Niliichagua kwa ajili ya mlima huu, yaani kwa ajili yenu. Sasa, hewa ikishindiliwa inapata joto, na injini ikivuta hewa ya moto inagonga na nguvu zinakimbia. Mwenye kwenda kasi anapozwa na upepo. Sisi tunapanda kwa mwendo wa mbuzi, upepo utoke wapi? Ndipo nikafunga kipozeo cha maji. Na maji yote ya Suji mmeyafungia kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia.

2. Huu ni ubaguzi. Maharage yanapewa maji kwa kuwa yana kiu. Migomba vilevile. Gari langu lina kiu kuliko hivyo vyote, tena lina mshale wa kuonyesha. Maharage hayana mshale. Tunayaamini tu kwa maneno. Mama mwenyewe hajalalamika. Tangu mfunge maji anabeba ndoo kichwani kutoka kisimani, mara kumi kwa siku, anamwagilia shina moja moja, na akipita uani analizunguka gari bila kulitazama. Mimi nimechukulia kwamba amekubali.

3. Nimeandikwa mtoro wa msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima ya kuzoa tope la ndiva. Uzushi mtupu! Nilifika kabla ya watu wote, na mngurumo wangu ulisikika hadi ng'ambo ya korongo. Jembe ni kweli sikuwa nalo. Gari lina viti viwili, na nyuma nilishaweka pipa la maji. Lakini niliwapigia muziki tangu mwanzo hadi mwisho, na hilo halikuandikwa popote.

4. Loishiye, mfugaji wa kule tambarare ambaye ng'ombe wake hunywa maji yetu yakishashuka, alipanda mlima kwa miguu kuja kushtaki kwamba maji yananuka grisi na ng'ombe wameyakataa. Akaniuliza mbele ya mkutano gari langu linatoa maziwa lita ngapi. Watu wakacheka. Na wewe Mwenyekiti ukacheka, nilikuona. Niliumia sana.

5. Kwa hiyo naomba gari liingizwe kwenye daftari kama shamba la nusu ekari, na Alhamisi yote iwe yake. Na kwa kuwa nikilipoza nyumbani joto linarudi kona ya tatu, wananchi wachimbe ndiva ndogo katika kila kona kutoka hapa hadi lami. Nimezihesabu, ni ishirini na sita tu. Siku nikishuka, wakulima wote wafunge mifereji yao wasimame kando, na ng'ombe wa Loishiye wasubiri. Maji yasipotosha, kilimo cha maharage kihamishiwe tambarare. Maharage hayana haraka, hayaendi popote.

Naamini kamati itatumia busara na kunijibu kwa maandishi. Nisalimie Mama Mdogo Asteria na wote wa hapo nyumbani, Katibu Priska, na Loishiye pia akipita, sina kinyongo naye sana.

Wako katika kulijenga taifa,
mwanao,
Anderson Loth.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, fundi Sadock wa Same mjini, aliyeniuzia supachaja, amenipigia simu, nikamsomea barua hii yote. Akaniomba nirudie namba moja. Kumbe kipozeo kina pampu yake na rejeta yake ndogo. Maji ni yale yale yanazunguka, lita nane, ukishajaza umejaza. Kumwagia kwa nje hakupozi kitu, kunalowesha mkanda tu. Akaniuliza kama niliunganisha waya wa pampu. Sikuunganisha. Nilidhani ni wa taa.

Nimetoka kwenda kuunganisha, nikamkuta mama amekaa chini shambani na ndoo tupu. Maua ya maharage yamepukutika, yamemzunguka miguuni. Amesema mgongo umekataa, basi.

Baba Mdogo, nimekosa. Futa yote, namba moja hadi tano. Zamu iandike kwa jina la mama, langu liondoe kabisa, na adhabu nipe mimi. Mashina ya upande wa chini bado yana maua. Barua hii naileta mwenyewe sasa hivi. Kesho ni Alhamisi, nakuomba umfungulie maji.