Chaga Mbili za Kitanda cha Mama

Jumapili, 4 Januari
Ibada ndefu. Mchungaji amehubiri kuhusu malengo ya mwaka. Ati Mkristo asipange kuruka ukuta wakati kizingiti bado kinamkwaza. Lengo liwe dogo, liwe na siku yake, lianzie nyumbani. Haba na haba hujaza kibaba. Kisha kila mtu asimame aseme lake.

Fundi mwashi, yule tunayemwita Sementi, akasema kila Jumamosi atamtengenezea mtu asiye na nguvu kitu kimoja kilichoharibika. Basi! Hilo tu! Kanisa zima likapiga makofi.

Ikafika zamu yangu. Mlangoni Mchungaji alikuwa ameninong'oneza nianze na kitanda kibovu cha Mama. Kitanda! Uchaguzi wa mzee wa kanisa, tunagombea mimi na Sementi, ni tarehe ishirini na tano, halafu nisimame mbele za watu nitaje kitanda? Nikatangaza: nitafunga siku saba, nitasoma Maandiko yote mwezi huu, na hasira nitaiacha kabisa. Mtu mmoja akakohoa. Mke wangu akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Jumatatu, 5 Januari
Mfungo umeanza. Nguvu ninazo. Mama ameniita chumbani kwake, kile cha uani. Chaga mbili za kitanda, zile mbao za kubebea godoro, zimevunjika, godoro limelalia upande wa nje. Usiku anashika nondo ya dirisha asibingirike. Kazi ya nusu saa. Nimemwambia asubiri nimalize kufunga, maana seremala mwenye njaa hapaswi kushika msumeno. Akasema mbona tangu asubuhi anausikia msumeno karakanani kwangu. Nikamweleza hizo ni kazi za wateja. Akasema kweli mganga hajigangi, akageukia ukutani.

Na mbao ninazo! Ngumu, nyekundu, zimekauka barabara. Lakini hizo nimeziweka akiba ya kiti changu cha mzee wa kanisa. Nikichaguliwa sitakalia kiti cha plastiki kama ambavyo angefanya Sementi.

Jumatano, 7 Januari
Njaa haina adabu. Nilikuwa nimeficha karanga ndani ya kopo la misumari, kwa dharura tu. Leo dharura imefika. Nikachota bila kutazama. Jino la mbele limekatika! Karanga nimezitema pamoja na msumari, kwa hiyo mfungo uko salama. Mteja akaniona nimekenua kwa maumivu, akauliza nacheka nini. Sikuwa nacheka. Nikamfokea mpaka akaondoka na kiti chake kisicho na mguu. Hasira nitaanza kuiacha kesho.

Mchana nikamwona Mchungaji anakuja. Haraka nikajipaka vumbi la mbao mashavuni, nionekane nimedhoofika. Akauliza kama nina mafua. Halafu akauliza habari za chaga. Mtu huyu ana wimbo mmoja.

Jumamosi, 10 Januari
Sementi! Natoka kununua gundi, namkuta anatoka chumbani kwa Mama akijifuta mikono. Amepanga matofali mvunguni, yakainua godoro. Mama anasema mgongo wake umepumzika leo kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Amembariki. Mbele yangu! Nikamwambia Sementi mama wa seremala halali juu ya matofali. Akajibu kwa upole, na upole wake ndio unaoniua, kwamba ni ya kushikilia tu mpaka nipate nafasi.

Jioni, Mama akiwa ameketi uani, nimeyatoa. Majirani wangesemaje? Mke wangu ameniona. Amesema niyarudishe au nitengeneze kitanda, nichague moja. Na nikimaliza, bawaba ya mlango wa jikoni inalegea. Nimesema Jumatatu. Mfungo unaisha kesho.

Jumapili, 11 Januari
Mchungaji amesoma habari za wanaofunga na kukunja nyuso ili waonekane na watu. Nikamtazama Sementi kwa huruma. Yeye hafungi, lakini ujumbe ulikuwa wake.

Jioni nimefungua. Nimekula mpaka nikashindwa kuinuka. Mama amepita akiegemea ukuta, akaniuliza kama ni kesho kweli. Nimemwambia kesho asubuhi na mapema. Maandiko: bado niko kwenye gharika.

Jumatatu, 12 Januari
Mama ameanguka. Mke wangu amemkuta sakafuni kumekucha, mkono umenyooka kuelekea dirishani. Nyonga imevunjika. Hospitalini nimemweleza daktari kwamba nilikuwa nitengeneze leo, leo hii, vifaa viko tayari juu ya meza ya karakana. Akaniuliza umri wa mgonjwa.

Alhamisi, 15 Januari
Kifua kimembana Mama. Anaongea kidogo kidogo. Nimemwambia nimefika kwenye safari ya jangwani, nasoma kwa kuruka majina. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Akaniita mwanangu. Akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi tangu utoto shingo yangu ni ngumu. Kisha akaniomba kitanda kiwe tayari siku atakayoruhusiwa kutoka. Nimeapa. Safari hii nimeapa kwa moyo wote.

Jumapili, 18 Januari
Mama alitutoka Ijumaa. Jana tumemzika.

Jeneza nimelitengeneza mwenyewe, kwa zile mbao nyekundu. Nimepiga randa, nimepiga msasa, nimepaka vanishi, sikusimama hata kunywa maji. Watu wote wamelisifu. Mchungaji aliligusa pembeni, akaniangalia. Sementi alijengea kaburi, akafunga mifuko yake ya saruji, akanishika bega. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kulia begani mwake. Sikufanya lolote.

Vilibaki vipande vya mbao hizo. Leo baada ya ibada nimeingia chumbani kwake, nikainama, nikaweka chaga mbili. Hata nusu saa haikufika. Nimelala juu ya kitanda kukijaribu. Hakilii, hakiyumbi. Nimelia mpaka godoro likalowa. Mama, nisamehe.

Jumapili, 25 Januari
Sementi ndiye mzee wa kanisa! Kura zangu mbili, na moja niliipiga mimi. Mke wangu hasemi kama ya pili ni yake. Wamemkalisha kwenye kiti cha plastiki, naye ameridhika kabisa.

Mchungaji akauliza kama kuna mwenye kutaka kupanga upya lengo lake, lakini awe mkweli na nafsi yake. Nikasimama kabla hajamaliza. Msiba umenifundisha. Nimetangaza, kwa kumbukumbu ya Mama, kwamba nitafunga siku arobaini, na kabla ya Pasaka nitamtengenezea kila mjane wa mji huu kitanda kipya. Kila mjane! Hakuna aliyepiga makofi. Nafikiri waliguswa mno.

Tumerudi nyumbani, mke wangu akaniita jikoni. Bawaba ya juu imeng'oka. Jana mlango ulimwangukia mtoto wetu mdogo, ukamkwaruza sikio. Anataka skrubu tatu, leo, kabla sijavua nguo za kanisani. Nimemwambia asubiri nimalize kufunga.