Neno la Kiingereza kwa Ajili ya Mkutubi

Jumatatu, 4 Machi
Msiba! Baraza la mtaa linataka kugeuza maktaba kuwa ghala la viti. Mkutubi atahamishiwa mbali. Nani atanigongea muhuri vitabu nisivyosoma? Nimeshinda dirishani nikimtazama akipanga rafu, vumbi likielea juani, nami nikielea nalo. Lazima niitetee maktaba mbele ya watu. Anione!

Jumanne, 5 Machi
Tai Ndefu, karani wa baraza, naye anammezea mate mkutubi. Kesho, kwenye mkutano wa baraza, ataitetea maktaba kwa Kiswahili kitamu. Nitamzima kwa Kiingereza. Nimefungua kamusi: "espouse", kuunga mkono jambo hadharani. Neno lenye manukato! Sikusoma chini zaidi, tayari nilikuwa naota. Shangazi, ninayeishi kwake, kauliza kwa nini naitongoza sufuria. Mazoezi, shangazi.

Jumatano, 6 Machi
Ukumbi ulijaa. Nikasimama. Nikamtazama mkutubi, maktaba ikanitoka kichwani. Nikanguruma: "I espouse the librarian!" Yaani mkutubi, si maktaba. Mwenyekiti akamtaka Tai Ndefu atafsiri. Nyoka yule! Akafungua kamusi, akairuka maana yangu, akasoma ya pili: kuoa. Akatangaza kwamba namwoa mkutubi. Makofi, miluzi! Mwenyekiti akaahirisha hoja ya maktaba hadi Jumamosi ili watu watupongeze. Mkutubi akabeba mkoba wake, akatoka bila kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ila niliposikia kwamba namwoa, moyo uliruka. Uliruka kwelikweli.

Alhamisi, 7 Machi
Mtaa mzima unaniita bwana harusi. Shangazi ameshapima mapazia. Mchana mkutubi kaniita maktabani. Alikuwa akifunga vitabu kwenye maboksi, polepole, kama anayelaza watoto. Akasema Jumamosi nisimame tena, niseme kwa Kiswahili cha kawaida kwamba naunga mkono maktaba, basi. Tena akainamisha macho. Na lile jambo lingine, kama nina nia, nimwambie kwa lugha ambayo yeye huitumia akiota ndoto. Sijui nilifikaje nyumbani.

Ijumaa, 8 Machi
Nimelala chali mchana kutwa, nikitazama dari na kuyapima maneno yake. Ni mwanamke mwenye busara. Nimemwelewa vizuri kabisa: Kiingereza ndicho kilichoniponza. Nimeazima kamusi ya Kifaransa. Kesho watanitambua!